Mwethya Kwenye Dirisha la Susu

Siku mtandao uliposhika nilipiga kelele ambazo mpaka leo watu wa kijijini wananitania nazo. Wifi yangu alitoka kwake mbio, jembe mkononi, akidhani nimeona nyoka. Nyoka hakuwapo. Ilikuwa tu ile taa ndogo ya modemu, iliyokuwa imekataa kuwaka boma zima, na sasa imewaka kijani kwenye dirisha la sebule ya mama mkwe wangu.

Tulikuwa tumezunguka na ile laptopu kila mahali. Tuliipeleka kando ya zizi, tukaipandisha juu ya jiwe la kuanikia nguo, mpaka binti yangu akakwea jukwaa la tangi la maji na kuishikilia hewani huku mimi namkaripia ashuke. Kumbe mtandao ulikuwa unatusubiri kwenye lile dirisha linalotazama mji wa Machakos kule chini. Ukisogeza modemu kiganja kimoja tu, umeupoteza. Basi tukaifunga kwa selotepu kwenye nondo ya dirisha, na hivyo ndivyo shule yetu ilivyohamia kwa mama mkwe, ambaye watoto humwita Susu, yaani nyanya kwa Kikamba. Hakuna aliyemwomba ruhusa. Yeye mwenyewe alifurahi kutuzidi, akatandika kitambaa chake cha kufuma juu ya meza na kutukataza kunywea chai hapo.

Tulikuwa tumehamia kule milimani kwa sababu ya kifua cha binti yangu. Kwa miaka mingi tulipanga Mlolongo, mimi nikikagua mashati katika kiwanda kimoja cha EPZ, cha nguo za kuuzwa ng'ambo, pale Athi River, mume wangu akiwa karani wa stoo katika kiwanda kingine. Mlolongo wa siku zile ulikuwa malori na vumbi. Machimbo ya mawe upande huu, barabara ya Mombasa upande ule, na nguo unaanua zikiwa chafu kuliko ulivyozianika. Mtoto wetu alikuwa na pumu. Kila alipoanza kusema jambo, alikatika baada ya maneno mawili matatu, akavuta pumzi, akajaribu tena, halafu akapunga mkono kwamba basi, wacha tu. Walimu wake walikuwa watu wazuri, lakini darasa lilijaa mno, nao pole pole wakaacha kumwuliza maswali. Ule mkono wa kupunga uliniuma kuliko hata safari za hospitali. Daktari aliposema mtoto huyu anahitaji hewa safi kuliko dawa, niliacha kazi, nikafunga virago.

Shule ya karibu na kwa Susu ilikuwa ng'ambo ya bonde, kushuka na kupanda, na kile kilima kifua chake hakikukiweza. Ndipo nikasikia kwa mwenzangu wa kanisani kwamba kuna programu za ng'ambo ambazo mtoto husoma nazo nyumbani, kwenye intaneti. Sikulala kwa furaha. Nilimsumbua mume wangu mpaka akanunua laptopu ya mitumba Nairobi na ile modemu, kwa hiyo siwezi kusema alitupinga. Ila moyo wake haukuwa hapo. Yeye alisoma bweni, na kwake elimu ni kengele, sare na sanduku la bati. Alibaki Mlolongo kwa ajili ya kazi, akawa anakuja kwetu kila Jumamosi. Wikendi ya kwanza alisimama nyuma ya binti yake, akatazama katuni ya sungura ikimfundisha sehemu, akatikisa kichwa.

"Mama, mimi sio mkaidi," aliniambia tukila. "Lakini nataka kitu naweza kushika. Muhula wa tatu ukifunguliwa, hiyo programu iwe imetoa ripoti ya maana. Ikikosa, mtoto anaenda bweni. Kuna ile shule kule karibu na Konza, wako na matroni mzuri."

Konza! Uwanda mtupu, upepo na vumbi la ng'ombe. Nilikubali haraka haraka, maana nilikuwa na hakika ripoti itakuja iking'aa. Lakini tangu siku hiyo kila nyota aliyopata binti yangu kwenye ile programu niliihesabu kama tofali la ukuta wa kumzuia asiende.

Na nyota zilikuja! Nani angedhani masomo yanaweza kuwa matamu hivyo? Nilianza kwa kuendesha darasa jinsi tulivyoendeshwa kiwandani. Kuanza ni kuanza, mapumziko ni mapumziko, na hakuna kuinuka bila ruhusa. Binti yangu alivumilia kwa muda, kisha akaniuliza kwa adabu kama kuna shati lolote lililowahi kujifunza kitu. Nikacheka mpaka nikakaa chini. Baada ya hapo tulipanga upya. Asubuhi, kabla umande haujakauka, hesabu. Halafu anatoka, analisha kuku, anasomea maneno ya Kiingereza nje akitembea kati ya mibuni ya Susu. Baada ya chai, sayansi. Mchana nilimwacha asome apendacho. Kiswahili nilifundisha mwenyewe, kwa kuwa sungura wa ng'ambo hakukijua.

Programu yenyewe ilikuwa na vituko vyake. Ilituambia tutoke nje tukaokote majani yaliyogeuka rangi kwa sababu ya msimu. Tukaokota ya mparachichi, ambayo hugeuka rangi yakipenda. Ilituuliza tumetengeneza mtu wa theluji wa ukubwa gani. Susu akataka kuelezwa theluji ni nini, na alipoelezwa akauliza kwa nini watu wenye akili ya kutengeneza kompyuta wanakubali kuishi mahali kama hapo.

Kufika mwezi wa sita binti yangu alikuwa amenenepa mashavu. Nilikuwa natembea kifua mbele. Wifi yangu aliponikuta kisimani alisema, "Wewe siku hizi huongei na watu, unahubiri." Ni kweli, nilihubiri. Nilimhubiria kila mama aliyesimama.

Kisha Julai ikaja na ukungu wake. Wanaoujua Machakos wa chini, wa jua na mchanga, hawaamini baridi ya kule juu. Binti yangu alishikwa na homa, homa ikashuka kifuani, na asubuhi moja midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Tulimteremsha mjini, akalazwa. Nilikaa kando ya kitanda chake nikisikia ule mluzi wa kifua niliodhani tumeuacha Mlolongo, na niliogopa, nakiri niliogopa sana. Mume wangu alikuja kutoka kazini na nguo za kazi. Hakusema neno juu ya bweni, lakini kabla ya kuondoka alisema, "Hata huko juu anaugua, basi." Nilijua hesabu yake inaelekea wapi.

Aliporuhusiwa tulirudi nyumbani, naye akaenda moja kwa moja kitandani. Mimi nilipanda kwa Susu kuomba maziwa. Nilipofungua mlango nilikuta sebule imejaa. Kwenye kiti cha binti yangu alikaa binamu yake, binti wa wifi yangu, aliyekuwa darasa la nane na mkali wa hesabu kupindukia. Karibu naye, kwenye kigoda, kaka yake mdogo wa darasa la pili alisubiri zamu huku akilamba vidole. Ukutani walikaa kina mama wanne au watano wa mwethya wa Susu, wameshika vikombe vya uji.

Asiyejua Ukambani huenda hajui mwethya. Ni kikundi cha watu wanaosaidiana kazi kwa zamu. Leo wanachimba matuta kwako, kesho kwangu. Na kuna sheria moja ambayo haihitaji kusemwa. Mwenzenu akiugua wakati wa kulima, mnakwenda kumlimia. Hamwulizi. Mama mkwe wangu alikuwa mwenyekiti wa mwethya wa pale tangu kabla sijaolewa.

"Mwaitu, kuna nini hapa?" nikauliza. Mwaitu ni mama, ndivyo nilivyomwita.

"Kwani kuna nini? Mtoto ako kitandani. Shamba yake ilale tu hivyo, imee magugu?" Akanyoosha kidole kwenye kompyuta. "Tumemlimia. Angalia mwenyewe."

Nikaangalia. Ee Mungu wangu! Nyota zilijaa kioo kizima. Binamu mkubwa alikuwa amepita hesabu za darasa la sita, akapita za la saba, akawa sasa anafukuza herufi na namba ambazo hata mimi sikuzijua. Mdogo alikuwa amepewa kusoma hadithi, kwa sababu Susu aliona ni haki kila mtu apate upande wake wa shamba. Kina mama nao walikuwa wamechukua masomo ya maisha. Walinieleza kwa hasira swali walilolikosa, la nini kifanywe asubuhi theluji ikianguka. Walishauriana, wakapiga kura, wakachagua kubaki nyumbani na kuwasha moto. Programu ikasema la, jibu ni kuvaa koti na kwenda kungoja basi la shule.

"Hiyo mashine haina huruma," mmoja akasema, na wengine wakaitikia.

Machozi yalinitoka. Nilitoka wodini nimechoka, nikijiona peke yangu duniani na mtoto wangu mgonjwa, na huku watu walikuwa wamekaa kwenye baridi wakibofya vibonye wasivyovielewa ili mtoto wangu asibaki nyuma. Niliwashukuru mmoja mmoja. Hata nilicheza kidogo pale sebuleni, na Susu akanipigia makofi. Ripoti ya baba yake ilikuwa imejijenga yenyewe, ndivyo nilivyoamini.

Barua pepe ilifika binti yangu akiwa ameanza kutoka nje kuota jua. Iliandikwa na mwalimu wa ile programu, mama mmoja tuliyekuwa tukiona jina lake tu chini ya salamu. Alisema kwa upole mwingi kwamba wana wasiwasi. Mwanafunzi huyu, aliandika, anafanya hesabu za kidato na kusoma kama mtoto wa miaka saba, na yote hayo katika siku moja. Mambo ya kila siku yanaonekana kumchanganya. Alinishauri nimpeleke kwa mtaalamu wa watoto. Na kabla hawajatoa ripoti yoyote, yeye mwenyewe angependa kuzungumza na mtoto kwa simu, Jumamosi, asubuhi yao ambayo kwetu ni jioni.

Jumamosi, baba yake akiwa nyumbani.

Nilimweleza Susu jambo lilivyo. Hakuona tatizo liko wapi. "Vai thina," alisema, yaani hakuna shida. "Shamba ikilimwa na mwethya, mavuno ni ya nani? Ni ya mwenyewe. Hakuna mtu huuliza ni jembe ya nani ilichimba. Aseme ni yake."

"Lakini Susu," binti yangu akasema, "akiniuliza hizo hesabu nitajibu nini?"

"Mwambie uko na homa."

Hata mimi nilishawishika. Nilitamani ile ripoti kwa moyo wangu wote, nisidanganye. Nilimwambia binti yangu ajibu kwa ufupi, ndiyo na hapana, asijichoshe, maana mgeni, tena Kiingereza, tena kifua bado kibichi, angekatika njiani na kupunga mkono kwenye simu ambayo haioni mkono. Nilimfanyia mazoezi. "Yes, teacher. No, teacher." Alinitazama kwa macho ya baba yake.

Jumamosi ikafika. Mume wangu alikuja mapema, akasikia habari yote, akasema tu, "Haya, wacha tusikie," akaenda kukaa nje barazani, akawa anashona kamba ya kiti iliyokatika. Dirisha lilikuwa wazi kwa sababu ya modemu. Nilijua anasikia kila kitu. Ndani tulikuwa mimi, Susu, na wale binamu wawili waliokataa kuondoka, maana nao walikuwa wamelima. Simu yangu tuliiweka mezani, sauti ikiwa wazi kwa wote. Ilipolia, Susu alisimama kama mtu aliyeingiliwa na mgeni wa heshima.

Sauti ya yule mwalimu ilikuwa changa kuliko nilivyotarajia, nayo ilijaa mikwaruzo ya mbali. Alimsalimu binti yangu, akamwuliza anajisikiaje. Kisha akamwuliza, je, hesabu zile za mwezi wa saba, alizifanya mwenyewe?

Nilimkazia macho. Susu alimkazia macho.

"No, teacher," akasema binti yangu.

Nikafumba macho. Basi, kwisha. Lakini hakunyamaza hapo. Alianza kueleza. Alisema aliugua, akalazwa, na kwamba hapa kwetu mtu akiugua majirani humlimia shamba ili asije akapona akakuta njaa. Alieleza nyanya yake ni nani katika kazi hiyo na kwa nini hakuna anayemkatalia. Alieleza binamu mkubwa alilima hesabu na binamu mdogo alilima kusoma, na ndiyo maana mwanafunzi alionekana ana vichwa viwili. Alifika kwenye theluji. Alieleza kura ya kina mama na uji wao na hasira yao, akamwiga yule aliyesema mashine haina huruma, na yule mwalimu kule ng'ambo akacheka mpaka simu ikakoroma. Akamalizia kwa kusema kwamba anashukuru alilimiwa, lakini hawezi kula mavuno ya somo asilolijua, na anaomba arudishwe pale alipoachia jembe. Na zile saa za wiki ambazo yeye haitumii programu, kama inawezekana, apewe binamu yake asome, kwa sababu katika mwethya ukilimiwa ni lazima ulime.

Kwa Kiingereza! Chote! Binamu zake walikuwa wameachama midomo. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa kile kitambaa cha Susu nimekikunja chote.

Mwalimu akasema anaelewa na kwamba hajawahi kusikia jambo zuri kama hilo. Lakini sheria ni sheria. Atafuta kazi yote ya siku za ugonjwa na kumrudisha alipokuwa, na kwa hiyo ripoti ya muhula haitatoka kwa wakati. Itatoka akimaliza yeye mwenyewe, labda mwisho wa mwaka. Kuhusu binamu, angeuliza wakubwa wake. Akaaga. Simu ikazima, na kwenye kioo cha kompyuta tukaona nyota zikianza kupungua, safu baada ya safu, mpaka zikabaki zile za mwezi wa sita.

"Aiya," akasema Susu kwa sauti ndogo.

Nilitoka nje. Nilikuwa na fahari na mtoto wangu mpaka kifua kinaniuma, na papo hapo nilijua nimeshindwa. Makubaliano ni makubaliano. Hakuna ripoti. Nilijiandaa kuomba, nilijiandaa hata kugombana, na mimi nikigombana kuku huingia ndani wenyewe. Mume wangu alikuwa bado amekaa barazani, lakini kamba ilikuwa imelala magotini hajaishona hata tundu moja.

"Umesikia," nikamwambia.

"Nimesikia."

"Ripoti haiko."

Alinitazama kana kwamba nimemwambia habari za nchi nyingine. Macho yake yalikuwa mekundu. "Ripoti gani? Wewe hukusikia? Ameanza mpaka amemaliza. Hakupumzika." Akafuta uso kwa kiganja. "Huyu mtoto, tangu azaliwe, hajawahi kunimalizia hadithi hata moja."

Nilikuwa nimesimama mle ndani nikisikiliza Kiingereza, nikisikiliza hatari, nikihesabu nyota zinazopotea, na jambo lenyewe lililotuleta mlimani lilipita mbele ya masikio yangu nisilisikie. Yeye, asiyependa sungura wala kompyuta, ndiye aliyelisikia.

"Konza sahau," akasema. "Akae hapa."

Kisha akamwita binti yake kwa sauti ya juu. Alipotoka, akiwa bado na wasiwasi kwamba ametuharibia, baba yake alisogea kumpa nafasi kwenye benchi, akamwambia aanze tena tangu siku ile alipougua, kwa Kiswahili safari hii, na asiruke kitu. Akaanza. Susu akaja na kigoda chake, binamu wakakaa chini, nasi tukamsikiliza mpaka mwisho.